Meno ya Bandia na Manowari

Aprili 1951 serikali ya Uingereza ilitikisika kwa sababu ya meno ya bandia. Vita vya Korea vilikuwa vimepamba moto, Marekani ilikuwa ikiwahimiza washirika wake wajizatiti upesi, na Waziri wa Fedha, Hugh Gaitskell, alikuwa na mpango wa silaha wa pauni bilioni 4.7 kwa miaka mitatu. Katika kukwangua fedha kila pembe, alipendekeza wagonjwa wachangie nusu ya gharama ya meno ya bandia na miwani, vitu vilivyotolewa bure tangu Huduma ya Taifa ya Afya ianzishwe mwaka 1948. Kiasi ambacho kingeokolewa kilikuwa kidogo mno: pauni milioni 13 kwa mwaka wa kwanza.

Aneurin Bevan, mchimba makaa wa zamani kutoka Wales aliyeiasisi huduma hiyo, alikataa katakata. Alijiuzulu uwaziri, na waziri kijana aliyeitwa Harold Wilson akamfuata. Bevan hakusukumwa na huruma peke yake. Alisema viwanda vya nchi havikuwa na mashine, malighafi wala mafundi wa kutosha kuzitumia fedha zote hizo, kwa hiyo wagonjwa wangeumizwa kwa ajili ya silaha ambazo zisingetengenezwa. Kabla mwaka haujaisha Winston Churchill alirudi madarakani, akapitia hesabu, kisha akakiri bungeni kwamba katika hilo Bevan alikuwa amesema kweli. Mpango ukapunguzwa kasi. Ada za meno na miwani zikabaki.

Miaka 74 baadaye kisa kilijirudia kwa sura nyingine. Tarehe 25 Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer aliliambia Bunge kwamba kuanzia Aprili 2027 nchi itatumia asilimia 2.5 ya pato la taifa kwa ulinzi. Fedha zitatoka wapi? Kwenye misaada ya maendeleo, itakayoshushwa kutoka asilimia 0.5 ya pato hadi asilimia 0.3. Siku mbili baadaye Starmer alikuwa Washington kwa Donald Trump, ambaye kwa miaka mingi amezilaumu nchi za Ulaya kuwa zinalindwa na Marekani bila kutoa sehemu yao. Siku iliyofuata Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa, Anneliese Dodds, akajiuzulu. Hakupinga jeshi kuongezewa fedha. Alichopinga ni kulichota fungu lote kwenye mfuko mmoja, mfuko wa watu wasio na kura London, wakati zilikuwapo kodi na kanuni za kukopa ambazo zingeweza kujadiliwa.

Ni Waingereza wachache wanaobishana kama nchi yao inahitaji jeshi. Ubishi uko kwenye maswali mawili: nani alipe, na jeshi hilo lifanye kazi gani duniani. La kwanza hujibiwa haraka, aghalabu kwa kumtwisha mzigo asiyeweza kulalamika. La pili huahirishwa, na kila likiahirishwa gharama hupanda. Historia ya Uingereza tangu 1945 ina ushahidi mwingi wa hilo, na sehemu ya ushahidi huo iko Nairobi, Dar es Salaam, Nanyuki na Ghuba.

Tuanze na hizo asilimia, kwa kuwa zinapotosha wengi. Mwaka 2014 viongozi wa NATO walikutana Newport, Wales, wakaahidi kwamba ndani ya miaka kumi kila nchi itasogea hadi kutumia asilimia 2 ya pato lake kwa ulinzi. Juni 2025 walipokutana The Hague walipandisha lengo hadi asilimia 5 ifikapo 2035: asilimia 3.5 kwa jeshi lenyewe, na 1.5 kwa mambo yanayohusiana nalo kama vile kulinda miundombinu na mitandao. Kipimo hiki kina faida ya kueleweka upesi, lakini hakisemi kama nchi ina meli zinazoelea au risasi za kutosha. Ugiriki ilikuwa juu ya asilimia 2 katika miaka ambayo uchumi wake ulikuwa unaporomoka. Pato likishuka, asilimia hupanda yenyewe hata bila kununua bunduki moja. Pensheni za wanajeshi wastaafu nazo huhesabiwa. Starmer mwenyewe alieleza kwamba idara za ujasusi zikihesabiwa, asilimia 2.5 inakuwa 2.6.

Hata kiasi cha nyongeza chenyewe kilizua mabishano siku ileile. Starmer alitaja pauni bilioni 13.4 zaidi kila mwaka. Wachambuzi wa taasisi ya IFS, inayoheshimika kwa kuchunguza bajeti za nchi hiyo, walisema nyongeza halisi ni karibu bilioni 6 tu. Idadi kubwa zaidi ilipatikana kwa kulinganisha na bajeti ambayo isingepanda hata kidogo mwaka hadi mwaka. Bilioni 6 ndizo pia zinazopunguzwa kwenye misaada. Kwa kulinganisha, kupandisha kiwango cha msingi cha kodi ya mapato kwa asilimia moja kungeiingizia Hazina takriban bilioni 7. Njia nyingine ilikuwapo, ila chama cha Labour kilikuwa kimeahidi kwenye uchaguzi wa 2024 kutogusa kodi hiyo.

Uingereza ya leo ina mzigo ambao Gaitskell hakuwa nao kwa namna hii. Katikati ya miaka ya 1950 ulinzi ulichukua zaidi ya asilimia 7 ya pato la taifa na afya karibu asilimia 3. Leo mambo yamegeuka: jeshi lina zaidi kidogo ya asilimia 2, na afya imekaribia 8. Kwa miongo mingi, kila mara huduma ya afya ilipopanuka, sehemu kubwa ya nafasi yake kwenye bajeti ilitoka jeshini, na hasa baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka mwaka 1989. Nafasi hiyo imekwisha. Wazee wameongezeka, na deni la taifa limekaribia kulingana na pato la mwaka mzima. Katika mwaka wa fedha 2024/25 Uingereza ililipa zaidi ya pauni bilioni 100 kama riba ya madeni, wakati jeshi lote lilitumia karibu bilioni 60. Anayetaka kujua ukubwa wa tatizo aanzie hapo: wakopeshaji wanapata zaidi kuliko majenerali.

Wakopeshaji hao wana sauti. Septemba 2022 Liz Truss aliingia ofisini akiwa ameahidi kufikisha ulinzi asilimia 3 ifikapo 2030. Waziri wake wa Fedha akatangaza mapunguzo makubwa ya kodi bila kuonyesha yatafidiwa na nini. Pauni ikaporomoka, riba za mikopo ya nyumba zikapaa, na Truss akaondoka madarakani baada ya siku 49. Lakini somo hilo Waingereza walikuwa wamelipata mapema zaidi, tena kwa uchungu. Mwaka 1956 walipovamia Mfereji wa Suez pamoja na Ufaransa na Israeli, Rais Eisenhower hakuhitaji kutuma jeshi kuwasimamisha. Pauni ilikuwa ikishambuliwa sokoni, Uingereza ilihitaji fedha za IMF, na Marekani ikaziwekea sharti la kuondoka Misri. Waliondoka, na Januari 1957 Anthony Eden akajiuzulu. Mkopo ambao Marekani iliwapa baada ya Vita Kuu ya Pili walimaliza kuulipa tarehe 29 Desemba 2006.

Kipindi kinachofundisha kuliko vyote ni kile cha 1964 hadi 1971, na kilipita mlangoni kwetu.

Tarehe 20 Januari 1964, siku nane baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, Dar es Salaam. Walidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Maasi yakaenea hadi Jinja nchini Uganda na Lanet nchini Kenya. Mwalimu Nyerere, kwa shingo upande, aliomba msaada wa Uingereza, na alfajiri ya Januari 25 makomandoo wa majini walishushwa kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur, iliyokuwa imekuja kutoka Aden. Maasi yalizimwa kwa muda mfupi. Septemba mwaka huohuo likaundwa jeshi jipya kabisa, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ).

Kwa Mwalimu tukio lile lilikuwa fedheha iliyomfanya alijenge jeshi upya kutoka chini. Kwa London lilikuwa uthibitisho kwamba vituo vyake vya Aden, Singapore, Bahrain na kwingineko vilikuwa na kazi. Wanasiasa walizungumzia jukumu la dunia, na vituo vyote vikapewa jina moja, "Mashariki ya Suez", kana kwamba ni kitu kimoja. Hesabu zilisema vingine. Kule Kahawa, kaskazini ya Nairobi, Uingereza ilikuwa imejenga kambi kubwa ya kisasa, Templer Barracks, iwe makao ya akiba yake ya kijeshi upande huu wa dunia. Uhuru wa Kenya ukaja, askari wakaondoka kufikia mwisho wa 1964, na mwaka uliofuata majengo yakakabidhiwa kwa serikali ya Kenya. Yakageuzwa Chuo cha Kenyatta, ambacho mwaka 1985 kilipata hadhi ya kuwa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Maelfu ya walimu wa Kenya wamesomea mahali ambapo mlipakodi wa Uingereza alijenga kwa ajili ya vikosi ambavyo havikukaa.

Harold Wilson, yule aliyejiuzulu pamoja na Bevan, sasa alikuwa Waziri Mkuu. Tarehe 18 Novemba 1967 alilazimika kushusha thamani ya pauni kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40. Mwezi huohuo alimtuma naibu waziri wake, Goronwy Roberts, kwa watawala wa Ghuba kuwahakikishia kwamba Waingereza hawaondoki. Januari 1968 Roberts alirudishwa kwa watawala walewale na ujumbe uliopinduka: tunaondoka mwaka 1971. Sheikh Zayed wa Abu Dhabi alijitolea kuchangia gharama ili wabaki. Waziri wa Ulinzi, Denis Healey, akalikataa wazo hilo hadharani kwa maneno makali. Lee Kuan Yew alipanda ndege kutoka Singapore hadi London kuomba muda zaidi, akapewa miezi michache. Tarehe 2 Desemba 1971 Umoja wa Falme za Kiarabu ukazaliwa.

Uamuzi ulitangazwa Januari 16, 1968, na kilichomo ndani yake kinastahili kusomwa polepole. Pamoja na vituo vya mashariki, oda ya ndege za kivita za F-111 kutoka Marekani ilifutwa. Mpango wa kupandisha umri wa kumaliza shule hadi miaka 16 uliahirishwa kwa miaka miwili, na Lord Longford akajiuzulu kwa hilo. Ada za dawa kwenye maduka ya dawa zilirudishwa. Aliyezirudisha ni Wilson, mtu aliyeacha uwaziri mwaka 1951 kwa sababu ya ada za namna hiyohiyo, na ambaye serikali yake ilikuwa imezifuta mwaka 1965. Wanahistoria wengi humlaumu kwa kuondoka kwa pupa. Lawama inayomstahili zaidi ni ya miaka mitatu iliyotangulia, aliposhikilia wajibu wa dunia nzima kwa pauni dhaifu mpaka soko likamwamulia. Angechagua mapema, mtoto wa miaka 15 asingelazimika kulipia kambi za Singapore.

Wapo watakaojibu kwamba kupunguza jeshi nako kuna bei, na watakuwa na haki. Mwaka 1981 Waziri wa Ulinzi John Nott alipanga kuiondoa meli ndogo ya HMS Endurance kutoka bahari ya kusini mwa Atlantiki ili kuokoa pauni milioni chache kwa mwaka, na kuiuzia Australia meli ya kubebea ndege, HMS Invincible. Majenerali waliotawala Argentina waliisoma hatua hiyo kama dalili kwamba London imevichoka Visiwa vya Falkland. Walivamia tarehe 2 Aprili 1982. Waingereza walivikomboa Juni 14, na Invincible, ambayo ilikuwa bado haijakabidhiwa, ilikuwa miongoni mwa meli zilizowawezesha. Wanajeshi wao 255 walikufa, na wa Argentina zaidi ya 600. Uamuzi wa 1981 ulikuwa na kosa lilelile la Wilson, limegeuzwa tu: wajibu wa kuvilinda visiwa haukufutwa, kilichofutwa ni njia ya kuutekeleza.

Ubadhirifu nao una sura yake pana, na hapa hasira ya Mwingereza wa kawaida ina msingi kabisa. Mwaka 2010 serikali ya David Cameron iliikuta Wizara ya Ulinzi ikiwa imeahidi kununua vitu vyenye thamani iliyozidi fedha ilizokuwa nazo kwa pauni bilioni 38. Ilifuta ndege za doria ya baharini za Nimrod MRA4, mradi uliokwisha kumeza zaidi ya bilioni 3. Katika uwanja wa Woodford, karibu na Manchester, mashine ziliyakatakata mabawa ya ndege mpya ambazo hazikuwahi kufanya kazi hata siku moja. Kisha nchi ya kisiwa, yenye nyambizi za nyuklia za kulinda, ikakaa miaka bila ndege za doria ya bahari hadi iliponunua nyingine kutoka Marekani. Ndege za Harrier ziliuzwa kwa Marekani kwa ajili ya vipuri. Wakati huohuo meli mbili kubwa za kubebea ndege ziliendelea kuundwa kwa zaidi ya pauni bilioni 6, kwa kuwa mikataba ilifungwa kwa namna ambayo kuzifuta kungegharimu zaidi ya kuzimaliza.

Meli hizo, HMS Queen Elizabeth na HMS Prince of Wales, zinafanya kazi, na yapo ya kujivunia. Mwaka 2025 Prince of Wales iliongoza msafara hadi Bahari ya Pasifiki. Ila kuulinda msafara huo kulihitaji meli za washirika kama Norway na Kanada, kwa kuwa jeshi la majini la Uingereza lina meli za kusindikiza chache mno. Agosti 2022 meli hiyohiyo ilikwama karibu na kisiwa cha Wight, muda mfupi baada ya kung'oa nanga, kwa hitilafu ya mhimili wa pangaboi. Taifa linaweza kununua kitu kikubwa likakosa fedha za vidogo vinavyokifanya kitembee.

Kuna mfano mwingine, hauna mizinga wala bendera, na pengine unaumiza zaidi. Mwaka 1996 Wizara ya Ulinzi iliiuzia kampuni ya Annington nyumba zaidi ya 57,000 za familia za wanajeshi kwa pauni bilioni 1.66. Serikali iliyokuwa madarakani ilitaka fedha taslimu kwa haraka. Baada ya kuuza, wizara ikazikodi nyumba zilezile, na matengenezo yakabaki juu yake. Bei za nyumba nchini zikapaa. Januari 2025 serikali ikazinunua tena nyumba 36,000 zilizobaki kwa karibu bilioni 6, na kueleza kwamba kwa kufanya hivyo imeokoa kodi ya pango ya zaidi ya pauni 600,000 kwa siku. Katika miaka hiyo yote, wake na waume wa wanajeshi walipiga picha za kuta zilizoota ukungu mweusi juu ya vitanda vya watoto na boila zilizozimika katikati ya baridi, na kamati za Bunge zikaandika ripoti. Askari huacha kazi kwa sababu kama hizo. Jeshi la nchi kavu lina wanajeshi wa kudumu zaidi kidogo ya 70,000, idadi ndogo kuliko wakati wowote tangu vita dhidi ya Napoleon, na kuwapata wapya kumekuwa shida.

Upande wa silaha za nyuklia mjadala una watu wake wa kudumu kila upande. Tangu 1969 daima kumekuwa na nyambizi moja ya Uingereza baharini, mahali pasipojulikana, ikiwa na makombora. Julai 2016 Bunge liliidhinisha nyambizi mpya nne kwa kura 472 dhidi ya 117. Bajeti yake ni bilioni 31, na akiba ya bilioni 10 kando. Makombora yenyewe ya Trident hutoka kwenye akiba ya pamoja iliyoko Georgia, Marekani. Wanaounga mkono husema ndiyo bima ya mwisho. Wanaopinga huuliza ni uhuru gani huo unaotegemea ghala la nchi nyingine.

Swali hilo la utegemezi lina mizizi katika Bahari yetu ya Hindi. Uingereza ilipoitengea Marekani visiwa vya Chagos miaka ya 1960, ilipewa kwa siri punguzo la hadi dola milioni 14 kwenye gharama za makombora ya Polaris. Wakazi wa visiwa wakahamishwa kati ya 1968 na 1973, wakatupwa Mauritius na Shelisheli. Mei 22, 2025, London ilisaini mkataba wa kuirudishia Mauritius mamlaka ya visiwa hivyo na kukikodi kisiwa kimojawapo, Diego Garcia, penye kambi ya kijeshi, kwa miaka 99, kwa wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Upinzani ulisema gharama halisi ni zaidi ya bilioni 30. Serikali ikasema ni bilioni 3.4 kwa thamani ya leo. Katika mabishano hayo yote ya hesabu, Wachagosi waliozaliwa Diego Garcia hawajapewa haki ya kurudi kuishi Diego Garcia.

Ghuba nako wamerudi. Bahrain kulifunguliwa tena kituo cha jeshi la majini la Uingereza mwaka 2018, miaka 47 baada ya kuondoka, na bandari ya Duqm nchini Oman ina kituo cha kuhudumia manowari zao. Kenya hawakuwahi kuondoka kabisa. Kikosi cha mafunzo kipo Nanyuki, na mkataba wa ulinzi ulifanywa upya mwaka 2021. Kwa Uingereza ni uwanja wa mafunzo wenye nafasi na joto ambavyo nyumbani hakuna, kwa bei nafuu. Kwa wakazi wa Laikipia kuna ajira na biashara, lakini pia kuna moto uliounguza hifadhi ya Lolldaiga Machi 2021 wakati wa mazoezi, na mama kijana aliyeuawa Nanyuki mwaka 2012, ambaye kwa mauaji yake mahakama ya Kenya ilitoa, Septemba 2025, miaka 13 baadaye, hati ya kumkamata mtu aliyewahi kuwa askari wa Uingereza. Familia ile ililipa gharama ambayo hakuna bajeti ya London iliyowahi kuiandika.

Tishio lenyewe ni la kweli, na asiyelitaja anauhujumu mjadala. Urusi iliivamia Ukraine Februari 2022. Uingereza iliipa Kyiv makombora ya kupiga vifaru, mizinga na vifaru 14 vya Challenger 2, ikagundua ghala zake zilikuwa na akiba ya vita vya muda mfupi tu. Tathmini ya ulinzi iliyotolewa Juni 2, 2025, ikiongozwa na George Robertson aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa NATO, ilipendekeza mambo 62, na serikali ikaahidi viwanda vipya visivyopungua sita vya silaha na hadi nyambizi 12 za mashambulizi. Kufika asilimia 3.5 kutoka 2.5, kwa ukubwa wa uchumi wa sasa, ni karibu pauni bilioni 30 za ziada kila mwaka. Mfuko wa misaada wote hautoshi kulipia hata nusu. Mkono mtupu haulambwi: itabidi kodi ipande, au huduma ipungue, au wajibu mmojawapo uachwe. Ulaya, Atlantiki, Ghuba na Pasifiki vyote kwa jeshi la askari 70,000 haviwezekani, na anayedai vinawezekana anarudia kauli za 1965.

Na misaada hiyo inayokatwa ilikuwa ikifanya nini? Uingereza ilifika asilimia 0.7 mwaka 2013 na kuiweka kwenye sheria mwaka 2015. Mwaka 2021 ikashusha hadi 0.5. Hata hicho kilichobaki hakikwenda chote nje ya nchi: mwaka 2023 pauni bilioni 4.3, zaidi ya robo ya misaada yote, zilitumika ndani ya Uingereza kuwatunza wakimbizi na waomba hifadhi, sehemu kubwa hotelini. Uamuzi wa 2021 uliua mradi wa ASCEND, wa pauni milioni 220, uliopambana na matende, kichocho, usubi na trakoma katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo. Dawa nyingi za magonjwa hayo hutolewa bure na kampuni zinazozitengeneza. Fedha za Uingereza zililipia kazi ya kuzifikisha: kuzisafirisha, kuwafundisha wagawaji wa vijijini, na kuwafanyia upasuaji wagonjwa wa trakoma ambao kope zao zimegeukia ndani na kukwaruza jicho kila wanapopepesa. Operesheni hiyo huchukua chini ya saa moja, na hufanyika kwenye zahanati.

Trakoma haiwezi kuisubiri NATO. Aprili 2001 viongozi wa Afrika waliahidi, Abuja, kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na nchi nyingi hazijafika hapo. Kenya, Uganda na Tanzania husoma bajeti zao Juni. Kila mbunge atakayeshika kitabu cha bajeti mkononi aulize fungu gani limebeba gharama za kugawa dawa za kichocho na matende ambazo London imeacha kuzilipia, na asikubali kuketi mpaka waziri ataje kiasi na ukurasa.